Kidato cha Arobaini na Moja

Lifti ya jengo letu imekufa tangu Novemba,
na katika ghorofa zote sita
ni mimi pekee sijaandika barua ya malalamiko.

Narudi saa kumi na mbili kasoro, giza limeshakaa kitako;
Riga ya Januari hulifunga jua saa kumi,
kama duka la mtu mvivu.
Mkononi viazi, mkate mweusi, maziwa ya mgando.
Masikioni, wateja wa bima:
bomba la huyu limepasuka kwa barafu,
dari la yule limemlalia kitandani,
na wote, kwa namna wasiyoweza kuieleza,
wana hakika nimefanya mimi.

Juu, ghorofa ya tano, nangojwa.
Rūdis na sehemu zake za hesabu, theluthi juu ya robo.
Mama mkwe na redio, kila mmoja akimshinda mwenzake kwa sauti.
Aldis wangu atauliza chumvi iko wapi,
chumvi ambayo haijahama rafu kwa miaka tisa.
Nawapenda. Niliseme mapema
nisije nikasomwa vibaya.

Lakini kati ya ghorofa ya tatu na ya nne
pana dirisha, na chini ya dirisha bomba la joto,
na ubavuni mwa bomba
kidato cha arobaini na moja.
Hakuna shule yenye kidato hicho.
Mimi ndiye mwanafunzi, na somo ni kukaa.

Simu naizika kwenye viazi.
Sihesabu pumzi,
kama alivyotufundisha yule binti wa semina
aliyegawa mishumaa, kisha fomu
ya kupima utulivu wetu, moja hadi kumi.
Navua glavu. Naweka viganja kwenye bomba
mpaka vidole vianze kuwasha, vinirudie.
Theluji inaikuta taa ya uani, inapita,
haimwombi mtu radhi kwa kuchelewa.
Ukutani rangi imebanduka umbo la sungura,
au la buti, inategemea siku ilikuwaje.
Dakika saba. Ijumaa, tisa.
Kisha najikusanya, mfuko na mwili,
napanda nikiwa mtu anayeweza kuulizwa habari ya chumvi.

Jumatano moja nilikuta mto wa kukalia.
Wa kijani, umepoteza kifungo.
Nilishikwa na hasira, kusema kweli:
nani kaingia katika chumba changu kisicho na kuta?
Nikauinua, nikaunusa kama mbwa.
Dizeli. Na pipi ya mnanaa.
Ojārs wa ghorofa ya sita, dereva wa basi,
ambaye mkewe hajashuka kitandani tangu masika,
ambaye husema “jioni njema”
kama mtu anayelipa deni kwa sarafu ndogo ndogo.

Nikaukalia. Nini tena?
Kesho yake nikaja na sindano,
nikashona kifungo cha koti la zamani la Rūdis,
chekundu, hakifanani na kitu.
Hatujawahi kulizungumza.
Tukipishana mlangoni, jioni njema, jioni njema,
na macho yetu yanatazama viatu.

Jumatatu fundi alikuja, lifti ikafufuka.
Jengo zima lilishangilia, hata mbwa wa ghorofa ya pili.
Nilisimama mbele yake na viazi vyangu.
Ilifungua mlango, ikaningoja,
ikafunga, ikafungua tena, kama mtu asiyeamini.
Nikashika ngazi.

Mto ulikuwapo. Nilipoukalia
ulikuwa ungali na joto.

“Mbona umechelewa?” aliuliza Aldis.
“Lifti,” nikasema, kwa mazoea ya miezi miwili,
na nyuma yake, koridoni,
nikaisikia ikipanda laini, bila kukwama, bila aibu,
ikinisuta ghorofa hadi ghorofa.
Itabidi nitafute uongo mwingine.